SOMO LA AFYA: Mzee anaposahau, damu inatuambia nini?

Leo tunajifunza juu ya ugonjwa wa kusahau unaoletwa na mishipa ya damu ya ubongo.

Sisi wahamasishaji tunapopita nyumba kwa nyumba tunasikia, "Mzee amerogwa," au "Ni uzee tu." Mzee aliyekuwa akihesabu mgao wa familia bila kukosea, leo anapotea njia ya bombani. Huo si uchawi, na uzee peke yake hauleti hali hiyo.

Huletwa na nini?
Ubongo hulishwa na damu. Mshipa ukiziba au ukipasuka, sehemu ya ubongo hukosa chakula na oksijeni, kisha hufa. Ikiwa sehemu kubwa, mtu hupata kiharusi. Zikiwa sehemu ndogo ndogo nyingi, huenda mtu asione kitu siku hiyo, lakini akili hupungua kidogo kidogo. Mara nyingi mgonjwa huanza kwa kufikiri polepole na kushindwa kupanga mambo.

Je, kipimo cha damu huonyesha ugonjwa huu?
Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoutambua peke yake. Maabara kubwa za nje hupima protini iitwayo nyurofilamenti, ambayo huvuja kutoka kwenye neva zilizoumia na kuingia katika damu. Ikipanda, tunajua neva zinaharibika, lakini haisemi zinaharibiwa na nini. Vipimo vya kawaida ndivyo vinavyotusaidia zaidi:

1. Sukari. Ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula asubuhi, na ikirudiwa ikawa hivyo, ni kisukari. Kisukari huharibu mishipa.
2. Mafuta ya damu (kolesteroli). Yakizidi hujijenga ndani ya mishipa na kuiziba.
3. Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi la shingo, kaswende na VVU. Haya pia huweza kuleta usahaulifu, na yana matibabu. Ndiyo maana mganga huyatafuta kwanza.

Pamoja na damu, mzee apimwe presha. Ikiwa 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, ni presha ya juu. Huyu ndiye adui mkubwa wa mishipa ya ubongo.

Tufanye nini nyumbani?
Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi. Lakini tunaweza kulinda iliyobaki:

- Dawa za presha na kisukari zimezwe kila siku, hata mgonjwa akijisikia mzima. Anayesahau hawezi kukumbuka dawa, kwa hiyo mtu mmoja wa nyumbani azitunze na kumpa.
- Apunguze chumvi, aache tumbaku na pombe, atembee kila siku.
- Msimfungie ndani wala kumgombeza. Mwiteni kwa jina, mpeni kazi ndogo anayoiweza.

HATARI! Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakipotea, au mzee akichanganyikiwa kwa siku moja tu, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Inaweza kuwa kiharusi, malaria kali au sukari iliyoshuka.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini mtu asiache dawa za presha anapojisikia vizuri?
2. Nyumbani kwako, nani anatunza dawa za mzee?

Kama swali la pili halina jibu, jadilianeni leo jioni.