Mashudu ya alizeti: usiyafunge yakiwa ya moto

Vijana wa Kunduchi mnaokamua alizeti ya Singida na Dodoma, wengi wenu mnapiga hesabu ya mafuta tu. Kilo 100 za mbegu kavu, kwa mashine ndogo, hutoa mafuta kilo 25 hadi 30 hivi. Karibu zote zinazobaki ni mashudu, na wafuga kuku wanayatafuta kweli kweli.

Shida ni hewa yetu ya pwani. Ukiyafunga kwenye gunia yangali moto, mvuke unabaki ndani, ukungu unaota, na sumukuvu huioni kwa macho wala haiishi kwa kupika. Yatandaze kwenye turubai, kivulini, mpaka yapoe kabisa. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Mashudu yenye uvundo, jamani, hata kuku usimpe.