Taa ya Kukuzia Mboga Ndani ya Nyumba: Piga Hesabu Kabla ya Kununua

Taa za rangi ya zambarau zinazosemekana kukuza mimea ndani ya nyumba siku hizi zinauzwa kwa wingi mitandaoni, na baadhi ya wakazi wa mji wa Nakuru wanajiuliza kama ziwafae. Swali hilo lina msingi. Anayeishi kwenye ghorofa au kwenye chumba cha ploti, na dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, hana pa kuweka hata debe moja la sukuma wiki likapata jua. Kwa mtu kama huyo taa inaweza kusaidia, lakini kwa kazi chache tu, na ni vyema azijue kabla ya kutoa pesa.

Jambo la kwanza ni kwamba jicho hudanganya. Chumba ambacho mtu anaweza kusomea gazeti bila shida bado ni giza kwa mboga, kwa sababu jicho la binadamu hujirekebisha ilhali jani haliwezi. Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho laksi. Jua la saa sita mchana bila mawingu hutoa takriban laksi 100,000, nayo ofisi yenye taa nzuri ina takriban 500, yaani sehemu moja kati ya mia mbili. Simu nyingi za kisasa zinaweza kuwekewa programu ya kupima mwanga. Haitoi kipimo sahihi kabisa, ila inatosha kuonyesha tofauti hiyo. Weka simu pale unapotaka kuotesha, kioo kikitazama juu, usome. Ikiwa kipimo cha mchana hakifiki 1,000, usitarajie mboga hapo bila taa. Kwa miche ya mboga, lenga takriban 10,000 kwa saa 12 hadi 14 kila siku.

Kabla ya kufikiria taa, angalia madirisha yote. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta, hivyo dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi na la magharibi hupata la jioni mwaka mzima. La kaskazini hupigwa na jua katikati ya mwaka, la kusini mwezi Desemba. Kusogeza kopo la dania kutoka pembeni mwa chumba hadi kizingiti cha dirisha la mashariki hakugharimu chochote, na mara nyingi hushinda balbu.

Sasa gharama, maana hapo ndipo wengi huumia. Mita moja ya mraba ya mboga za majani, kama letasi au sukuma, huhitaji taa ya LED ya takriban wati 100 inayowaka saa 14 kwa siku. Hiyo ni yuniti 1.4 kwa siku, sawa na yuniti 42 kwa mwezi. Yuniti ikiwa shilingi 25, stima peke yake ni shilingi 1,050. Bei hubadilika, kwa hivyo chukua ujumbe wako wa mwisho wa tokeni, gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata, kisha urudie hesabu. Halafu jiulize shilingi 1,050 zinanunua mafungu mangapi ya sukuma sokoni. Kwa familia inayotafuta mboga ya kula, jibu ni wazi: taa haijilipi. Nyanya na pilipili hoho ndiyo kabisa, kwa sababu zinahitaji mwanga mwingi zaidi ili kuzaa.

Miche ni habari nyingine. Trei ya futi moja kwa futi moja hubeba miche mingi, na huhitaji taa kwa wiki nne hivi kabla ya kuhamishwa nje. Balbu mbili za kawaida za LED, kila moja wati 12, zikiwa sentimita 15 hadi 20 juu ya miche na zikifunikwa kwa kofia nyeupe inayorudisha mwanga chini, zinaweza kufikia laksi 10,000. Kwa saa 14 kila siku kwa siku 28, zitatumia yuniti zisizozidi 10, yaani kama shilingi 235 kwa bei ile ile ya mfano. Linganisha na bei ya miche kwenye kitalu kilicho karibu nawe. Kwa wakazi wa maeneo ya baridi kama Molo na Kuresoi, miche iliyolelewa ndani kati ya Juni na Agosti huepuka pia usiku wenye baridi kali.

Ni balbu ipi basi? Balbu nyeupe ya LED inatosha. Ile iliyoandikwa 4000K hadi 6500K hufaa miche vizuri. Taa za zambarau zilitokana na ukweli kwamba majani hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, lakini mmea hutumia pia rangi zilizo katikati, na chini ya mwanga wa zambarau ni vigumu kuona jani linapogeuka manjano au kuvamiwa na wadudu. Isitoshe, programu ya simu haiwezi kuzipima ipasavyo. Jihadhari zaidi na maandishi ya "wati 1000" kwenye taa inayotoshea kiganjani. Tafuta wati inazovuta kweli kutoka kwenye stima, ambazo huandikwa kwa herufi ndogo. Balbu ya zamani ya waya unaowaka iache kabisa, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya stima yake huishia kuwa joto.

Mmea wenyewe utakuambia kama umekosea. Miche ikirefuka kama uzi, ikipauka na kuinama upande mmoja, mwanga ni hafifu au uko mbali. Ishushe taa. Majani ya juu yakianza kuwa meupe au kujikunja, ipandishe.

Wafugaji wanaootesha shayiri kwenye trei kwa ajili ya lishe ya ng'ombe hawana haja ya taa hizi. Shayiri hiyo huvunwa baada ya siku saba au nane, ikiwa bado inajilisha kwa akiba iliyo ndani ya mbegu. Mwanga kidogo wa kuifanya iwe kijani unatosha.

Huenda msomaji ameona mabanda ya maua ya Naivasha yakiwaka taa usiku na kudhani maua hulishwa kwa balbu. Mara nyingi sivyo. Mchana wetu ni takriban saa 12 mwaka mzima, na baadhi ya maua huhesabu urefu wa usiku. Krisanthemamu huchanua usiku ukiwa mrefu, hivyo mkulima huukatiza kwa mwanga ili mmea urefuke kwanza. Jipsofila yenyewe husubiri siku ndefu ndipo ichanue. Kazi hiyo huhitaji mwanga hafifu tu, kama laksi 100, na chakula cha mmea bado kinatoka kwa jua. Dania nayo huhisi urefu wa siku: ukiiwashia taa saa 18 itakimbilia kutoa maua badala ya majani. Mpe kila mmea usiku wake. Swichi yenye saa ya kujizima husaidia.

Mwisho, maji na stima. Taa za mimea huning'inia juu ya trei zinazomwagiliwa kila siku, mara nyingi kwenye chumba kile kile ambamo watoto hulala. Nunua taa yenye alama ya ubora ya KEBS, na pale inapoweza kurushiwa maji chagua iliyoandikwa IP65. Usiunganishe taa kadhaa kwenye kebo moja ya kurefusha. Zima soketi kabla ya kumwagilia. Ukitaka nyaya mpya ukutani, mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Tyubu za zamani za floresenti zina zebaki, hivyo ikivunjika fungua madirisha, watoe watoto nje, na uokote vipande kwa karatasi ngumu, si kwa mikono wala ufagio.