Fizi Zinapotoka Damu, Usiuache Mswaki

Mtu apigapo mswaki asubuhi akaona damu kwenye povu, mara nyingi huamua kuzipumzisha fizi kwa siku mbili tatu. Uamuzi huo unaeleweka, lakini ndio unaolikuza tatizo. Damu hiyo kwa kawaida ni dalili ya kwanza ya uvimbe wa fizi, na katika hatua hii fizi huweza kupona kabisa pasipo kung'oa jino.

Chanzo chake ni ukoga, yaani utando laini wa bakteria unaojijenga kila siku pale jino linapokutana na ufizi. Mwaka 1965 watafiti nchini Denmark waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Wote walivimba fizi ndani ya majuma matatu. Waliporudia usafi, fizi zilipona kwa takriban juma moja.

Husemwa kwamba ufizi mgonjwa huwa mwekundu. Waafrika wengi wana fizi nyeusi au za kahawia kwa maumbile, hivyo wekundu hauonekani upesi. Tazama badala yake ukingo ulionenepa na kung'aa, maumivu ufizi unapoguswa, au damu iliyobaki kwenye tunda uliloling'ata. Mvutaji sigara asijidanganye: sigara hupunguza kutoka damu, na ugonjwa huendelea kimyakimya.

Piga mswaki laini mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, kwa dawa ya meno yenye floridi. Ulaze mshazari, nywele zake ziguse mpaka wa jino na ufizi, uzungushe taratibu. Damu itaendelea siku za mwanzo, usishtuke. Pitisha uzi wa meno baina ya meno kila siku. Mswaki wa mti, uliozoeleka pwani, unafaa pia ukifikishwa kwenye mpaka huo huo. Mkaa na majivu huchubua. Maji ya vuguvugu yenye chumvi hutuliza tu, hayaondoi ukoga. Antibiotiki zilizobaki kabatini hazitibu hali hii. Hata mkiishi wengi chumba kimoja, kila mtu awe na mswaki wake.

Damu ikiendelea baada ya majuma mawili, huenda ukoga umeganda ukawa ugaga mgumu, ambao hukwanguliwa na mtaalamu pekee. Si kila kliniki ina huduma ya meno, basi ulizia kwanza. Katika Hospitali ya Charlotte Maxeke, Parktown, kipo kituo cha afya ya kinywa cha Chuo Kikuu cha Wits. Jino likilegea, usaha ukitoka, au shavu likivimba pamoja na homa, nenda siku hiyo hiyo.

Mjamzito na mwenye kisukari huvimba fizi kwa urahisi zaidi, hivyo waende mapema. Chini ya Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003, wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka sita wasio na bima ya matibabu hutibiwa bure katika vituo vya umma. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto hao wasio raia nao wana haki hiyo. Njoo na kadi ya kliniki na orodha ya dawa unazotumia.