Zoni ya Kinyume: Kutoka Anwani hadi Jina

Kwa kawaida DNS hupewa jina ikatoa anwani ya IP. Zoni ya kinyume hupewa anwani ikatoa jina. Seva nyingi za barua pepe hutafuta jina hilo kwanza. Lisipopatikana, barua inaweza kukataliwa.

Mfano: Taja zoni ya kinyume ya mtandao 192.0.2.0/24.

Hatua ya 1: /24 ina maana kwamba biti 24 za mwanzo, yaani namba tatu za kwanza, ni za mtandao. Chukua 192.0.2.
Hatua ya 2: Geuza mpangilio: 2.0.192.
Hatua ya 3: Ongeza in-addr.arpa mwishoni.

Jibu: 2.0.192.in-addr.arpa

Kwa nini tunageuza? Anwani huanza na mtandao na kuishia na kompyuta. Jina la kikoa huanza na sehemu ndogo na kuishia na kubwa.

Ndani ya zoni hiyo, kompyuta ya 192.0.2.25 huandikiwa namba 25 tu:

25 IN PTR barua.shule.example.

Angalizo: Usisahau nukta ya mwisho. Ikikosekana, seva ya BIND huunganisha jina la zoni mwishoni mwa jina uliloandika, na jibu huharibika.

Zoezi: Taja zoni ya kinyume ya 172.16.0.0/16.
Jibu: 16.172.in-addr.arpa