Mtindo Hupita, Ngozi Hubaki: Somo kuhusu Wanamitindo, Vipimo vya Urembo na Usalama wa Vipodozi

Lengo la somo hili ni kumsaidia mtumiaji wa vipodozi kutenganisha mambo mawili ambayo biashara ya urembo hupenda kuyaunganisha: mtindo unaobadilika na ngozi isiyobadilishika bila gharama. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza jinsi vipimo vya urembo vilivyogeuka katika nchi yetu na duniani, kuvitambua viambato vya hatari vinavyofichwa ndani ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi, na kuchukua hatua sahihi kabla na baada ya kununua.

Mifano mingi imetolewa kwa kuwafikiria wakazi wa Nyahanga na Manispaa ya Kahama kwa jumla. Mji huu umekaa kwenye barabara kuu iendayo Rwanda na Burundi, umezungukwa na machimbo ya dhahabu, na maduka yake ya nguo na vipodozi hupokea wateja kutoka Shinyanga hadi Geita. Mahali penye fedha na njia nyingi za kuingizia bidhaa, mtumiaji anahitaji maarifa zaidi, si pungufu.

1. Kipimo cha urembo hakijawahi kusimama mahali pamoja

Wanaodhani kwamba urembo una sura moja ya kudumu na watazame historia ya karibu. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Dar es Salaam mwezi Januari 1969. Vitu vilivyopigwa vita ni pamoja na sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na vipodozi vya kuchubua ngozi. Mashindano ya kumtafuta Miss Tanzania, yaliyofanyika mwaka 1967, nayo yalipigwa marufuku. Kiongozi wa wakati ule aliyaona yote hayo kuwa ni mabaki ya utumwa wa kigeni. Mwaka 1994 mashindano yakarejea, na leo wigi na sketi fupi haviamshi mjadala wa taifa. Katika orodha ile ya mwaka 1968, ni krimu ya kuchubua ngozi pekee ambayo sayansi imeendelea kuishuhudia kwa ubaya. Vingine vilikuwa suala la mtindo. Hiki kilikuwa, na kingali, suala la afya.

Huko nje pia mambo yaligeuka. Mwaka 1975 mpiga picha Mmarekani Peter Beard alikutana Nairobi na mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Somalia aitwaye Iman, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wanamitindo mashuhuri zaidi duniani. Rangi za uso zilizokuwa zikitumika katika vyumba vya kujiremba vya wanamitindo hazikuwa zimetengenezwa kwa ngozi kama yake, hivyo alilazimika kujichanganyia mwenyewe. Mwaka 1994 alianzisha kampuni ya vipodozi kwa ajili ya wanawake wenye ngozi za rangi mbalimbali. Mwaka 1997 Alek Wek, mzaliwa wa Wau, Sudan Kusini, mwenye ngozi nyeusi sana na nywele fupi, alitokea kwenye jalada la jarida la Elle. Msichana ambaye miaka michache kabla angeambiwa kwamba hana sura ya jalada, akawa yeye ndiye jalada.

2. Mfano wa nyumbani: binti wa Shinyanga

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni Flaviana Matata, mzaliwa wa Shinyanga. Mwaka 2007 alitwaa taji la Miss Universe Tanzania na kuiwakilisha nchi katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Mexico City. Alipanda jukwaani akiwa amenyoa kichwa, na ngozi yake ikiwa ile aliyozaliwa nayo. Aliingia katika kumi bora. Baada ya hapo alifanya kazi ya uanamitindo New York kwa miaka mingi.

Tuzingatie maana ya tukio hilo kwa mtumiaji. Kabla ya mwaka huo, msichana aliyetaka kushindana angeshauriwa kuvaa nywele ndefu za bandia. Ushauri huo ungeonekana wa kitaalamu, na angeulipia fedha. Kilichofikiriwa kuwa sharti kilikuwa mazoea tu.

Mwaka 2016 mlango ulifunguka zaidi pale Nairobi ilipoandaa mashindano ya urembo na utanashati ya watu wenye ualbino. Kwa mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, ambako watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, kumwona kijana mwenye ualbino akishangiliwa jukwaani kwa uzuri wake si jambo dogo.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba soko limekwisha kubadilika kabisa. Matangazo mengi bado yanaipendelea ngozi ya maji ya kunde au nyeupe zaidi. Somo la mifano hii ni kwamba kipimo cha urembo huwekwa na watu, na watu hao hao hukiondoa. Anayeharibu ngozi yake ili akifikie anaweza kufika na kukuta kimehamishwa.

3. Kwa nini krimu za kujichubua bado zinanunuliwa

Haitoshi kuwalaumu wanunuzi. Katika familia nyingi za Usukumani imezoeleka kusemwa kwamba binti mweupe huongeza idadi ya ng'ombe wa mahari. Binti anayekua akisikia rangi yake ikihesabiwa kwa mifugo hajanunua krimu kwa upumbavu. Amenunua kwa hesabu aliyofundishwa. Wapo pia waajiri wa saluni, baa na maduka wanaochagua wahudumu kwa rangi. Kwa hiyo wazazi, wachumba na waajiri nao ni sehemu ya somo hili, hata kama hawajawahi kufungua kopo la krimu.

Sababu nyingine ni picha. Picha ya tangazo hurekebishwa kwa kompyuta, na picha ya muuzaji wa mtandaoni hupita kwenye programu ya simu inayong'arisha uso kabla haijakufikia. Ufaransa ililitambua tatizo la namna hii na, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2017, ikalazimisha picha za kibiashara ambamo umbo la mwanamitindo limepunguzwa au kuongezwa ziandikwe wazi kwamba zimerekebishwa. Hapa kwetu mtumiaji na ajiwekee kanuni hiyo kichwani: picha za "kabla" na "baada" si ushahidi, hasa zinapotoka kwa mtu anayeuza.

4. Zebaki: sumu inayojulikana machimboni

Wakazi wa ukanda wa dhahabu hawahitaji kuelezwa zebaki ni nini. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga wa mwamba uliosagwa, nayo huikamata dhahabu. Kisha huichoma ili iruke hewani na dhahabu ibaki. Elimu ya madhara yake hutolewa machimboni mara kwa mara. Lisilofahamika kwa wengi ni kwamba madini hayo hayo hutiwa katika baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha ngozi, kwa kuwa huzuia mwili kutengeneza melanini, yaani rangi asilia inayoikinga ngozi na jua.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba sabuni za aina hiyo huwa na takriban asilimia 1 hadi 3 ya kiambato cha zebaki, na krimu asilimia 1 hadi 10. Linganisha na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambao wakazi wake walisumishwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Mkataba huo uliweka ukomo wa miligramu moja tu kwa kilo moja ya kipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuuondoa hata ukomo huo ili vipodozi vyote vyenye zebaki iliyoongezwa visitengenezwe wala kuuzwa kuvuka mipaka baada ya mwaka 2025. Tanzania ni mwanachama.

Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Dalili zaweza kuwa kuvimba miguu au uso, kutetemeka mikono, kusahau, kukosa usingizi na hasira zisizo na sababu. Mama mjamzito huweza kuipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Zaidi ya hayo, mvuke wake na mabaki yaliyo kwenye taulo, shuka na mikono huwafikia watu wa nyumba nzima, pamoja na mtoto mchanga ambaye hakupakwa chochote.

Ipo ishara moja ambayo mkazi wa eneo la machimbo ataielewa upesi kuliko wengine. Baadhi ya bidhaa huandikwa onyo kwamba zisiguse dhahabu, fedha, alumini wala mapambo ya vito. Kipodozi halali hakina ugomvi na pete. Ukiona onyo la namna hiyo, kumbuka kile kinachoikamata dhahabu machimboni, kisha rudisha kopo rafuni.

5. Viambato vingine vya kuepuka

Haidrokwinoni hung'arisha ngozi kwa muda. Ikitumika muda mrefu huweza kuacha madoa ya rangi ya bluu iliyochanganyika na nyeusi, hasa usoni, na madoa hayo ni magumu mno kuyaondoa. Anayekusudia kung'aa huishia kuwa na giza ambalo hakuzaliwa nalo.

Steroidi ni dawa za kutibu magonjwa ya ngozi kwa maelekezo ya daktari na kwa muda maalumu. Zinapogeuzwa kuwa krimu za kila siku, zile ambazo mitaani huitwa "tyubu", hufanya ngozi kuwa nyembamba, huleta michirizi, chunusi na maambukizi ya fangasi, na huchelewesha kupona kwa vidonda. Madhara hayo huwa mazito zaidi siku mtu anapohitaji kushonwa, kama ilivyo kwa mama anayejifungua kwa upasuaji.

Mkorogo ni mchanganyiko wa krimu, tyubu na mara nyingine kemikali za kufulia, unaotengenezwa na muuzaji mwenyewe. Hauna lebo, hauna kipimo, wala hauna anayewajibika unapokudhuru. Hata ukipewa na mtu unayemwamini, hakuna awezaye kujua kilichomo.

Sindano na dripu za kung'arisha mwili si vipodozi, hata zikiuzwa katika duka la vipodozi. Kitu kinachoingizwa mwilini ni suala la hospitali.

6. Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Kwanza, soma orodha ya viambato. Majina huandikwa kwa lugha za kigeni, kwa hiyo yatambue kama yalivyo: "mercury", "calomel", "mercuric iodide", "ammoniated mercury" au alama "Hg" humaanisha zebaki, "hydroquinone" ni haidrokwinoni, "clobetasol" na "betamethasone" ni steroidi. Asiyesoma lugha hizo aombe msaada wa kijana wa shule, si aibu.

Pili, angalia jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda wa matumizi. Bidhaa isiyo na orodha ya viambato isinunuliwe, hata iwe ya bei nafuu kiasi gani. Fahamu pia kwamba muuzaji asiye mwaminifu huweza kuficha kiambato. Hivyo ahadi ya kung'aa ndani ya siku chache ni onyo tosha, hata lebo ikiwa safi.

Tatu, usichanganye losheni ya kukinga jua na krimu ya kujichubua. Losheni ya kukinga jua, yenye alama ya "SPF" na namba, huilinda ngozi na haiibadilishi rangi. Kwa mtu mwenye ualbino ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi, wala si anasa.

Nne, dai risiti. Bila risiti, malalamiko yako yatabaki maneno.

7. Hatua za kuchukua kwa aliyekwisha kutumia

Bidhaa inayoshukiwa kuwa na zebaki iachwe mara moja, ifungwe kwenye mfuko na kutunzwa mbali na watoto. Isichomwe, kwa maana moshi wake una sumu. Aliyetumia tyubu za steroidi kwa muda mrefu asiziache ghafla peke yake, kwani ngozi huweza kuwaka na kuvimba. Amwone daktari ampangie namna ya kupunguza. Katika hali zote mbili, nenda kituo cha afya na kopo lenyewe, na useme ukweli. Mhudumu hawezi kutibu asichoambiwa.

Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Toa taarifa kwa shirika hilo au kwa afisa afya wa kata yako, ukieleza jina la bidhaa, namba ya toleo na mahali ulipoinunua. Bidhaa bandia inayotumia jina la kampuni nyingine iripotiwe pia Tume ya Ushindani. Taarifa ya mnunuzi mmoja huweza kuwanusuru wengi ambao bado hawajalipa.

8. Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi

(a) Taja mtindo mmoja uliokatazwa au kudharauliwa ulipokuwa mtoto ambao leo unasifiwa. Nani alibadilisha kipimo?

(b) Katika ukoo wenu, rangi ya binti hutajwa wakati wa mazungumzo ya mahari? Mzazi anaweza kusema nini ili kuikata hesabu hiyo?

(c) Chukua kipodozi kimoja kilichomo nyumbani mwako sasa. Kina orodha ya viambato? Kina tarehe? Ungeweza kukitolea taarifa kama kingekudhuru?

(d) Kwa nini mwenye kuogopa zebaki machimboni anaweza kuipaka usoni bila hofu? Jadilini namna ya kumwelimisha jirani bila kumdhalilisha.