Mombasa Kutoka Majini: Mafunzo Niliyopata

Mtu anaweza kuzaliwa Mombasa, akasoma, akaoa na kulea wana, asipande chombo chochote ila feri ya Likoni. Na feri si matembezi: wasimama umebanwa, macho kwenye mlango wa kushukia, akili iko kazini tayari. Mashua za kutembeza watu tumewaachia wageni wa hotelini. Mimi nimezoea kuwapakia jamaa zangu kutoka Mji wa Kale, tukiwa na mahamri na chupa ya chai, na safari hizo zimenifunza mengi kuhusu mji nilioudhani nimeshaujua.

1. Nahodha muulize maji, si saa

Maji ya kwetu hujaa kwa muda wa saa sita hivi na kupwa kwa saa sita. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, kimo cha chumba kutoka sakafuni hadi darini. Kwa hiyo ukitaka kuingia mkono wa bahari wa Tudor, ingia na maji yanayojaa, rudi na yanayotoka. Siku moja mzee aliyetupakia alikataa kung'oa nanga ingawa sote tulikuwa tumeshakaa chomboni. "Hapa hatushindani na maji, mwanangu," akaniambia. "Twayangoja." Tulipoondoka hatimaye, aliibana kana ya usukani kwapani, mashine ikinguruma chini kwa chini, na mkondo ndio uliotubeba.

2. Fort Jesus haikujengwa itazamwe kutoka barabarani

Hili ndilo lililonigusa zaidi. Kwa miaka nimepeleka wageni ngomeni kupitia lango la upande wa mjini, nikawasimulia habari za Wareno walioanza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Yote ni kweli, lakini ukiwa chini kwenye mashua ndipo unapoelewa. Ukuta umesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na kwa mbali huwezi kujua mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Upande huu wa bahari pana njia iliyochongwa ndani ya mwamba ili watu na vitu viweze kuingia kutoka majini.

Waomani walipoizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, tumaini la waliokuwa ndani lilikuwa huku baharini. Meli ya kivita ya Santo António de Tanná ilikuja kuwasaidia, ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Wanaakiolojia walianza kuizamia na kuichimbua mwaka 1977, na vitu walivyotoa vimo katika makumbusho ya ngomeni. Nimeviona vitu hivyo ndani ya kabati za vioo mara nyingi. Lakini nahodha alipozima mashine karibu na hapo, mpwa wangu aliyatazama maji, akautazama ukuta, akauliza: "Mjomba, kumbe waliokuwa juu waliiona ikizama?" Swali hilo halikuwahi kunijia nikiwa mbele ya kabati.

3. Asubuhi ni ya Ngome

Jua likichomoza huupiga ukuta wa upande wa bahari moja kwa moja, na kila jiwe huonekana. Alasiri upande huo umeshaingia kivulini. Basi mwenye kamera aamke mapema.

4. Nyumba za Mji wa Kale zina uso wa pili

Ukipita vichochoroni waona milango ya nakshi. Ukipita majini waona roshani, ngazi zinazoshuka hadi kwenye mawe, na wavuvi wa mshipi wakikaa pale ambapo zamani jahazi zilipakua tende na mazulia. Zilikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, zikarudi na kusi. Wenye nyumba hizi walitaka kuona kilichoingia bandarini kabla hakijafika sokoni, na walijenga wakiwa na nia hiyo.

5. Tudor yafurahisha na kuumiza

Chini ya daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, unazisikia matatu zikinguruma juu ya kichwa chako, kisha ghafla kelele zinabaki nyuma. Mikoko inaanza. Maji yakiwa yamepwa waona mizizi, kaa wakikimbilia mashimoni, yangeyange wakivizia. Hapohapo pua inakuambia jambo jingine: majitaka ya mji yanamwagwa humu. Nasema wazi kwamba hii ni aibu yetu sote, na sidhani ingevumiliwa muda wote huu kama wenyeji wengi zaidi wangepita huku. Jambo jema lipo pia. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja la Makupa mahali pa lile tuta la zamani lililoziba maji, na sasa maji ya Tudor na ya upande wa Port Reitz yanakutana tena.

6. Jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, hata anayejua kuogelea

Hatujasahau Mtongwe, Aprili 1994, feri ilipozama na kuua watu 272. Jaketi zikipungua, msiondoke.

7. Mkodi chombo kizima, mchange

Mtu mmoja mmoja hutozwa bei ya mgeni. Mkiwa ukoo mzima, patana na nahodha kabla ya kupanda: mtapita wapi, kwa muda gani, mtarudi saa ngapi. Wachukueni wazee, maana wao hujua majina ya miamba na magati ambayo hayamo kwenye ramani yoyote niliyoiona. Na shule zinazoleta watoto Fort Jesus kwa mabasi, naziomba ziongeze nusu saa. Wakishatoka langoni, wapelekwe hadi kwenye mashua, wavishwe jaketi, waonyeshwe ule upande wa bahari ambao Wareno na Waomani waliupigania.