Ukigongwa Bila Kosa Lako: Nini Huipata Ada ya Bima ya Mwaka Ujao

Mwenye gari aliyesimama kwenye foleni ya Buzuruga, jijini Mwanza, akagongwa kwa nyuma na gari la samaki litokalo Mwaloni, huamini kwamba ada yake ya bima haitaguswa kwa kuwa kosa si lake. Imani hiyo ina mantiki, lakini mkataba wa bima hauiungi mkono kila mara. Kampuni nyingi humpa mwenye bima kubwa punguzo la ada kwa kila mwaka anaoumaliza bila kudai. Punguzo hilo hutolewa kwa kutodai, si kwa kutokosa. Wakati wa kuhuisha mkataba, kampuni hutazama kama fedha yake ilitoka na, ikiwa ilitoka, kama imerudi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuamua ni fidia idaiwe wapi. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza gari kutumika barabarani bila bima ya kuwakinga watu wengine. Ukidai kutoka kwa kampuni iliyomkatia bima aliyekugonga, kampuni yako haitoi chochote na punguzo lako hubaki salama. Tatizo la njia hii ni muda. Kampuni hiyo haikujui wala haina haraka nawe. Itataka ripoti ya polisi, ripoti ya ukaguzi wa gari, mchoro wa eneo la ajali na, dereva akishtakiwa, hati ya mashtaka pamoja na hukumu. Sheria yenyewe imelenga zaidi vifo na majeraha, hivyo malipo ya uharibifu wa mali hufuata mkataba wa aliyekugonga na kikomo kilichowekwa humo.

Njia ya pili ni kudai kwenye bima yako kubwa. Gari hutengenezwa mapema zaidi, nawe hulipa kile kiasi cha kuchangia kilichoandikwa kwenye mkataba. Kampuni yako huchukua nafasi yako na kumdai mkosaji au kampuni yake. Fedha hiyo ikirudi yote, ipo hoja nzito ya kurudishiwa punguzo lako. Isiporudi kabla ya siku ya kuhuisha, huenda ukatozwa ada kamili kwa kosa la mtu mwingine. Mwenye bima ndogo hana uchaguzi huu, kwani bima yake haitengenezi gari lake.

Hesabu ifanyike kabla ya kujaza fomu ya madai. Tuchukue tarakimu za kufundishia tu: gari la shilingi 16,000,000, ada ya asilimia 3.5, yaani shilingi 560,000 kabla ya kodi, na punguzo la asilimia 20, yaani shilingi 112,000. Bampa na taa zimevunjika, na fundi wa Nyakato anataka shilingi 250,000. Ikiwa kiasi chako cha kuchangia ni shilingi 150,000, kampuni itakulipa shilingi 100,000, nawe unahatarisha punguzo la shilingi 112,000 kwa mwaka mmoja tu. Dai la namna hiyo linakutia hasara. Gari likiharibika kwa shilingi 3,000,000, hesabu hugeuka, na kuogopa kudai huwa ni kuitupa ada uliyokwisha kulipa.

Kutodai hakukuondolei wajibu wa kutoa taarifa. Iarifu kampuni yako kwa maandishi, ukieleza wazi kuwa ni taarifa na bado si dai.

Hatari kubwa zaidi ni ule utaratibu wetu wa kumalizana pale pale. Dereva huomba msamaha, hutoa shilingi 50,000, huahidi kutuma nyingine jioni, na magari huondolewa kabla askari wa usalama barabarani hajafika. Jioni simu haipokelewi. Sasa hakuna ripoti ya kumwonyesha mwenye kosa, na kampuni yako inaweza kukataa dai kwa kuwa ulipatana bila idhini yake na kuiharibia haki ya kumdai mkosaji. Piga picha za magari yote mawili, namba za usajili na majina ya mashahidi. Kisha ihakiki bima yake palepale kwa namba ya usajili katika mfumo wa TIRA MIS. Stika iliyokwisha muda, iwe ya daladala au bodaboda, humaanisha kwamba njia ya kwanza imefungwa, na kilichobaki ni bima yako au kumshtaki mhusika mwenyewe. Aliyeumia achukue PF3 kabla ya yote.

Siku ya kuhuisha mkataba, omba maelezo ya maandishi ya jinsi ada ilivyokokotolewa na hali ya dai lako: limefungwa, au fedha bado inafuatiliwa? Ukihamia kampuni nyingine, chukua barua inayotaja miaka uliyokaa bila kudai na inayoeleza kuwa ajali ile haikuwa kosa lako. Usiporidhika, andika kwanza kwa kampuni. Jibu lisipofika au lisipotosha, peleka malalamiko katika ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), iliyopo Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Anayetaka kumshtaki mkosaji mahakamani kwa uzembe asisubiri mazungumzo yasiyo na mwisho: muda wa kisheria wa kufungua shauri la namna hiyo ni miaka 3.